Dada Yangu Hakukosea Saa

Mwezi wa tatu mwaka ule, dada yangu aliingia nyumbani na keki kubwa ya lozi. Juu yake imeandikwa kwa sukari: "Hongera Widad."

Mama akauliza kabla boksi halijatua mezani, "Nani? Wa ukoo gani?"

Maana Widad alikuwa na miaka thelathini na nne, hajaolewa, na Mama alishaomba mpaka goti likaota sugu.

Widad akasema hajaposwa. Akafungua mkoba, akatoa karatasi zilizobanwa pini, kurasa kumi na moja, akaziweka kando ya keki kama mtu anayeonyesha cheti cha chuo.

"Nina usonji," akasema. "Daktari amethibitisha. Nimefurahi sana."

Naitwa Hajer. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Sfax, Tunisia. Haya ninayoyaandika si ya kujisifu. Mkitaka kunitukana huko chini kwenye maoni, nitukaneni tu, mimi mwenyewe nimeshajitukana zaidi.

Widad ni mkubwa wangu kwa miaka saba. Anafanya kazi kwenye duka la dawa karibu na soko la samaki, ila si kaunta. Kaunta walimtoa, kwa sababu mteja alimuuliza kama krimu fulani itamrudishia ujana, naye akamjibu haitamrudishia. Wakampeleka stoo. Huko stoo ametulia miaka tisa.

Tangu utotoni alikuwa hivyo. Lebo za nguo lazima zikatwe. Makaroni bila mchuzi. Kwenye harusi anaziba masikio na kukaa chini ya meza, na Mama anamtoa kwa kumfinya. Akiulizwa jambo na mgeni, anajibu ukweli, halafu anashangaa kwa nini watu wamekunja nyuso.

Sisi tulimwita mkaidi. Shangazi walimwita mwenye kiburi. Mimi nikiwa na miaka kumi nilikuwa naigiza anavyotembea ili wageni wacheke, na wageni walicheka kweli.

Sasa siku ile ya keki alijaribu kutueleza. Kumbe miezi yote aliyotuaga kwamba anakwenda Tunis kwenye mafunzo ya dawa, alikuwa anapanda treni kwenda kwa daktari. Safari nne.

"Taa ya jikoni inaniumiza macho," akasema. "Nilidhani inawaumiza wote, ila nyinyi mnavumilia kuliko mimi. Kumbe haiwaumizi. Basi mimi si mbaya. Miaka yote nilidhani mimi ni mtu mbaya."

Alikuwa anatabasamu. Widad hatabasamu ovyo, jamani.

Mama alifunga boksi la keki, akalisukumia kwenye friji, akafunga na dirisha la upande wa majirani. Akasema hilo ni jicho tu, jicho la husuda la mtu, na dawa yake si treni ya Tunis. Akasema neno hilo lisivuke kizingiti mpaka mimi niolewe.

Mjomba Ridha, kaka yake Mama, alipokuja kunywa kahawa kesho yake alicheka sana. "Siku hizi hata uvivu una daktari wake," akasema. Kwake yeye ile karatasi ilikuwa ruhusa ya kutosalimia watu.

Baba ni mstaafu wa reli na maneno yake unaweza kuyahesabu. Yeye alifungua friji, akajikatia kipande, akala amesimama. Akasema keki ni nzuri. Basi.

Na mimi?

Sikufikiria "pole" wala "hongera". Jina lililonijia kichwani ni moja tu: Bi Salwa.

Bi Salwa ni mama yake Anis, mchumba wangu. Watu wa mji wa Sousse, watu wa heshima, nyumba yao hata paka anatembea kwa adabu. Ndoa ilikuwa ifungwe mwezi wa tano, harusi yenyewe mwezi wa nane. Widad walikuwa hawajamwona. Mara mbili walizokuja alikuwa kazini, na mimi sikuhuzunika.

Kwa hiyo nikamwambia dada yangu, kwa sauti ile ninayotumia na watoto wa darasa la pili, kwamba sawa, tumekuelewa, lakini mambo haya hayatangazwi kwa keki.

Akaniuliza, "Yanatangazwa kwa nini?"

Nikaondoa vyombo.

Sasa sikilizeni hii.

Wiki mbili baadaye ikawa tarehe mbili ya mwezi wa nne, siku ya kuhamasisha watu kuhusu usonji. Shuleni kwetu kazi hiyo ni yangu. Kila mwaka mimi ndiye natundika maputo ya buluu, mimi ndiye nashika maikrofoni, kwa sababu darasani kwangu yupo Sirine, binti wa miaka tisa mwenye usonji, hasemi kabisa.

Nikapanda jukwaani na utepe wa buluu kifuani. Nikasema, "Tusiwaonee aibu. Tusiwafiche."

Wakanipigia makofi. Mkuu wa shule alifuta macho. Latifa, mama yake Sirine, alikuwa mstari wa mbele, na yeye pekee hakupiga makofi. Nilidhani amechoka.

Nikarudi nyumbani. Kwenye kabati la Mama, chini ya mashuka ya wageni, ile karatasi ya dada yangu ilikuwa imefichwa. Niliificha mimi mwenyewe.

Mwezi wa tano ukakaribia. Nikamwita Widad chumbani, nikamwambia namhurumia. Ndoa itakuwa na ngoma, vigelegele, watu mia mbili, marashi ya kila aina. Kwa hali yake si bora apumzike nyumbani? Nikamkumbusha ile karatasi yake. Nikasema hata daktari angekubali.

Hebu oneni nilichofanya. Miaka thelathini tulimburuta kwenye kila harusi, tukimwambia avumilie, hana lolote. Siku alipopata karatasi inayosema analo jambo, nikaitumia hiyo hiyo kumfungia nje.

Akauliza, "Ni kwa sababu ya kelele au kwa sababu ya Bi Salwa?"

"Kelele," nikasema.

Widad ukimwambia kelele, anaamini kelele.

Baada ya siku nne akaja na suluhisho. Amenunua vifunika masikio vile vikubwa vya mafundi wa mashine. Amekwenda ule ukumbi mwenyewe, amechagua kiti karibu na mlango. Amefanya majaribio, amekaa dakika arobaini mbele ya spika ya duka la kaseti za harusi, na ameweza. Nguo ameshanunua, ya kijani, lebo ameshakata.

"Kwa hiyo kelele si tatizo tena," akasema. "Nitakuja."

Pale ningeweza kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Badala yake nikauliza Jumamosi ya ndoa anatoka kazini saa ngapi. Akasema saa tisa na nusu. Nikasema basi ni bahati, sherehe inaanza saa kumi.

Ilikuwa inaanza saa saba mchana.

Akasema, "Niandikie." Yeye kila kitu anataka kiandikwe. Nikachukua simu, nikamwandikia: saa kumi kamili, na jina la ukumbi. Vidole havikutetemeka hata kidogo. Ndicho kinachonitisha mpaka leo.

Mama nilimwambia Widad atachelewa, kazi imembana. Hakuuliza zaidi. Watu wa Sousse nikawaambia dada yangu ana homa.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Saa saba mashahidi wanaandika ndoa, saa nane watu wanakula, saa tisa na nusu wageni wa Sousse wanaingia barabarani kabla jua halijashuka. Saa kumi Widad anakuta ukumbi mtupu, namwambia ratiba ilibadilishwa, namletea vitamu vya baklawa, yameisha.

Ndoa ikafungwa. Tulipiga picha, tukanywa sharubati ya lozi, vigelegele mpaka koo likakauka.

Lakini hesabu za mwongo huwa na mtu wa ziada. Shangazi mmoja wa Anis alipoteza hereni, wote wakainama kuitafuta chini ya viti. Saa tisa na nusu ikapita. Ikapatikana. Wakasema sasa wanywe kahawa ya mwisho.

Na saa kumi kamili mlango ukafunguliwa.

Widad alisimama pale na gauni lake la kijani, nywele amezibana vizuri, vifunika masikio vinaning'inia shingoni. Wahudumu walikuwa wanapanga viti juu ya viti. Alitazama viti, akatazama meza zilizosafishwa, akatazama saa yake.

Bi Salwa ndiye aliyekuwa karibu. Akamuuliza kwa upole, "Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Widad. Dada yake Hajer."

"Tumeambiwa una homa."

"Sina homa. Nina usonji. Nimeambiwa saa kumi."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Anis akanitazama. Mama akaanza kukunja kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Na hapo nikafungua mdomo. Nilicheka kwanza, kacheko kadogo ka mtu mzuri.

"Mama, msamehe," nikamwambia Bi Salwa. "Amechanganya saa. Ndiyo hali yake hiyo. Saa zinampotea."

Widad. Saa zinampotea. Mtu ambaye wafamasia wenzake wanarekebisha saa zao akiingia kazini.

"Sikuchanganya," akasema.

Akaingiza mkono kwenye mkoba. Nilijua anatafuta nini. Ujumbe wangu ulikuwa mle, na tarehe yake, na jina langu juu. Nikaona maisha yangu yote yamekaa kwenye mkoba ule mweusi.

Akaniangalia. Widad haangalii watu machoni, humchosha. Siku ile aliniangalia machoni, sijui kwa muda gani.

Kisha mkono ukatoka mtupu. Akavaa vile vifunika masikio, ingawa ngoma zilishanyamaza zamani, akageuka, akatoka.

Bi Salwa akasema, "Maskini. Kumbe mgonjwa. Mngetuambia tu." Shangazi zake Anis wakaja mmoja mmoja kunishika mkono. Wananipa pole. Mwingine akaniambia mimi ni msichana mwenye moyo, kuishi na mtihani kama ule.

Nikazipokea pole zao. Zote.

Nyumbani Widad hakugomba. Angegomba ningepona. Aliingia chumbani kwake, asubuhi akaenda kazini, jioni akala makaroni yake, akaosha sahani yake. Nikimsemesha anajibu ninachouliza, si zaidi. Uongo wangu haukumtoa machozi mbele yetu, ila kitu kimoja niligundua: alianza kuangalia saa mara mbili. Anaitazama ya mkononi, halafu anatoka hadi sebuleni kutazama ya ukutani. Mtu aliyekuwa na uhakika wa jambo moja duniani, nikamtia shaka hata hilo.

Niliumia, lakini badala ya kwenda kwake nikaenda kutafuta wa kunifariji. Nikamtafuta Latifa.

Nilimkuta mlangoni mwa shule akimvalisha Sirine viatu. Nikamweleza yote, keki, ukumbi, saa. Nilitaraji aseme "ni mambo ya binadamu".

Kwanza alikasirika juu ya keki.

"Dada yako anakwenda kazini peke yake, anapanda treni peke yake, halafu anasherehekea?" akasema. "Huyu wangu namwogesha. Usiku sijui kama nitalala. Mimi siku niliyopewa karatasi nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikashindwa kusimama. Msiniletee keki."

Nikafikiri, ahaa, huyu yuko upande wangu.

Akafunga kamba ya kiatu, akainuka.

"Lakini mwalimu, huyu wangu hasemi hata neno, na sijawahi kumdanganya saa. Nikimwambia nakuja saa sita, nakuja saa sita. Wewe unapanda jukwaani na utepe. Mimi nilijua. Kila mwaka unasema 'wao'."

Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Nilibaki pale nikijifanya napanga baiskeli za watoto.

Haikuishia hapo. Wiki ile ile Anis akanipigia simu, sauti imejaa haya. Mama yake ana ombi. Kabla ya harusi ya mwezi wa nane, niende nikapimwe. Damu, kichwa, sijui nini. Kwa ajili ya wajukuu.

"Nipimwe nini?" nikauliza.

"Ile hali ya dada yako. Kama iko kwenye ukoo."

Nililia, tena si kwa ajili ya Widad. Nililia kwa sababu sasa mimi ndiye niliyekuwa bidhaa inayogeuzwa geuzwa sokoni. Ndipo nikaikumbuka ile karatasi. Nikasema lazima humo ndani kuna mstari unaosema hali hii hairithiwi. Nitaupiga picha, nitamtumia Anis, tutamaliza.

Yaani hata kuisoma, niliisoma kwa ajili yangu.

Nikafungua kabati, nikaitoa chini ya mashuka, nikakaa sakafuni.

Na hapo ndipo kitu kikanipiga. Miezi mitatu tulikuwa tunagombana juu ya maana ya karatasi ile. Mama alisema jicho, Mjomba alisema uvivu, mimi nilisema aibu, Bi Salwa alisema damu mbaya. Na mimi, mwalimu, mtu wa vitabu, nilikuwa sijasoma hata ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kuna sehemu imeandikwa: Sababu ya kuja.

Chini yake daktari ameandika maneno ya Widad kama alivyoyasema.

"Mdogo wangu ataolewa. Ameniambia naharibu kila shughuli na nitamharibia na yake. Sitaki kumharibia. Nataka kujua kasoro yangu ni nini nijirekebishe kabla ya mwezi wa nane."

Nilisoma mara ya kwanza. Mara ya pili macho yalikataa.

Nikakumbuka. Msimu wa mavuno ya zeituni, mwaka uliotangulia, tukitoka harusi ya binamu yetu. Widad alimwambia shangazi wa bwana harusi kwamba marashi yake yanamtia kichefuchefu. Kwenye gari nilimgeukia nikamwambia kwa hasira, "Unaharibu kila kitu. Na yangu utaniharibia." Nilishasahau kabla hatujafika nyumbani. Yeye alipanda treni.

Safari nne za Tunis. Alikwenda kwa ajili yangu. Na alipoambiwa kwamba hana kasoro ya tabia, kwamba ameumbwa hivyo, ndipo akapitia duka la keki.

Baba alinikuta pale sakafuni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, magoti yakilia. Nikamuuliza kama anajua kilichoandikwa humu.

"Nilisoma siku ile ile ya keki," akasema. "Kabla hujaificha. Ukurasa wa sita nilidhani wanaandika habari zangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Hakuna aliyeniuliza."

Kisha akaongeza, taratibu, kwamba miaka arobaini Mama amekuwa akiwaambia watu Baba yuko zamu, kila penye sherehe. Zamu nyingine zilikuwa hazipo. Alikuwa amekaa kituoni, peke yake, anasikiliza reli. Akasema Mama si mtu mbaya, alizoea tu kuficha. Akainuka akaenda zake.

Jioni ile nikagonga mlango wa Widad.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, na machozi yalikuwa karibu. Nikapiga magoti kabisa. Nikasema nisamehe, dada yangu, mimi ni mnyama, nimeisoma karatasi.

Akaniambia niinuke, zulia lina vumbi.

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakutoa simu. Alikuwa na ushahidi mkononi.

"Ningeitoa, wangejua wewe ni mwongo," akasema. "Na wewe ndiye utakayeishi nao. Mimi narudi stoo."

Halafu watu wanasema wenye usonji hawajui hisia za wengine. Mimi niliyejua hisia za kila mtu ukumbini, nilimfanya nini dada yangu?

Nikasema nitafanya lolote. Akasema hataki lolote. Anataka jambo moja.

"Wao wanaamini nilikosea saa. Waambie sikukosea."

"Widad, nitakuomba msamaha kila siku..."

"Sitaki msamaha. Nataka saa yangu."

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Sousse. Walikuwa wamekaa kwenye chakula, Bi Salwa, Anis, wale wale shangazi. Kuskusi ilikuwa katikati. Nilikataa kukaa, nikijua nikikaa sitasema.

Nikasema dada yangu hakuchanganya saa. Nilimwandikia saa kumi makusudi asije. Hakuwa na homa. Nilimwonea aibu, na mlipokuja kunipa pole nilizipokea. Nikatoa simu nikaiweka mezani, ujumbe wangu umefunguka.

Hakuna aliyeigusa. Hapakuwa na haja.

Nilitegemea matusi. Bi Salwa alifuta mdomo kwa kitambaa, akanitazama kama mtu anayenunua kitambaa na amegundua tundu.

"Usonji wa dada yako ningeuzoea, binti," akasema. "Hili la kwako ndilo silijui."

Nikatoka. Anis hakunisindikiza. Wiki mbili hakupiga simu, na sikumlaumu. Alipopiga, aliuliza swali moja tu, kama kuna kingine. Nikamwambia hakuna. Akasema atajaribu. Suala la kunipima halikutajwa tena. Nadhani waliona ugonjwa wangu hauonekani kwenye damu.

Harusi ilifanyika, ila ndogo. Na msidhani yamesahaulika. Mpaka leo nikimwambia Bi Salwa tutafika saa saba, anampigia Anis kuhakikisha. Namsikia. Najifanya kiziwi.

Mama naye hajabadilika sana. Bado anachoma uvumba kwa ajili ya jicho. Mjomba Ridha bado anacheka. Latifa bado hataki kusikia habari za keki, na sasa naona ana haki yake, na Widad ana yake. Utepe wa buluu nimemwachia mwalimu mwingine. Sirine namfundisha tu, sipandi naye jukwaani.

Lakini ngojeni niwaambie la Widad.

Nilipompelekea mwaliko wa harusi ya mwezi wa nane, niliuandika kwa mkono wangu: siku, mahali, saa ya kweli. Nikaweka na kiti chake karibu na mlango. Nilimkabidhi nikiona sasa ndiyo tunapatana.

Akausoma wote, mbele na nyuma.

"Asante kwa saa ya kweli," akasema. "Sitakuja."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya yale niliyomfanyia.

"Hapana. Sipendi ngoma. Sijawahi kupenda. Mwanzo nilidhani ni lazima. Sasa najua si lazima."

Ndiyo hivyo. Nilimfungia mlango kwa uongo mkubwa vile, kumbe ningemuuliza tu, angenijibu mwenyewe.

Alikuja kunitembelea siku tatu baada ya harusi. Alikaa dakika ishirini na tano, akakagua makabati, akasema mapazia yangu ni mabaya. Ni mabaya kweli.

Nikajipa moyo nikamuuliza kama amenisamehe.

Akafikiri, kama anavyofikiri kila kitu.

"Bado," akasema. "Nitakuambia."

Wengine mtaniuliza sasa usonji ni nini, ni mtihani, ni ugonjwa, ni umbile, ni zawadi? Nendeni mkawaulize wenyewe walio nao, na msitegemee jibu moja. Mimi ninachoweza kuwaambia ni kidogo: mtu akikuwekea karatasi yake mezani, isome kwanza kabla hujaanza kumwambia maana yake. Na usimtumie kama kitambaa cha kufutia aibu yako.

Imepita miaka miwili. Widad akisema atakuambia, atakuambia.

Nasubiri.